Pingamizi la Tarumbeta

4 Machi

Mwanangu,

Salamu ni zilezile za mwezi uliopita, hazijapungua wala hazijachacha. Mimi mzima. Paa linavuja palepale.

Nina jambo moja na nitalisema bila kuzunguka. Nataka mti wa mkungu ukatwe. Ule wa uani, ndiyo, hatuna mwingine. Nimechoka na majani yake. Nikifagia asubuhi, mchana yapo tena, mapana kama sahani, na yakikauka yanapiga kelele hata paka akipita. Mgongo hauniachi. Na huyu Tarumbeta wa upande wa pili wa ukuta hajaacha mambo yake. Jumamosi kanirudishia beseni zima la majani juu ya ukuta, yakaangukia nguo nilizoanika, halafu akaketi kwenye cherehani yake akaendelea kushona kama mtu asiye na kosa duniani.

Nimeuliza manispaa. Wanasema mti haukatwi hivihivi hata ukiwa uani kwako mwenyewe, mpaka mwenye kiwanja aombe kibali. Mwenye kiwanja ni wewe tangu baba yako atutangulie, kwa hiyo omba. Wakaguzi nitawapokea mimi.

Usinicheke mwandiko. Kalamu za siku hizi hazina adabu. Na usinipigie simu kuniuliza hili na lile. Miaka yote niliyouza stempu pale dirishani posta nilijifunza kwamba mtu akiandika anafikiri, akipiga simu anasema "sijambo" kisha anakata.

Wako,
Mama

15 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea hapa kazini, kwenye dirisha la mizigo iliyopotea, na abiria aliyekuwa akinieleza rangi ya sanduku lake ilibidi aanze upya, maana sikusikia hata neno.

Nimeshangaa, mama. Wewe ndiye uliyemfukuza fundi wa paa kwa mwiko alipogusa tawi moja. Wewe ndiye uliyesema, tulipotoka kumzika baba, kwamba kila kitu chake kinaweza kugawanywa isipokuwa mkungu, kwa sababu aliuleta ukiwa mche ndani ya kopo la maziwa na wewe ukamcheka. Leo unataka ukatwe kwa ajili ya majani? Majani umeanza kuyaona lini?

Lakini mgongo ni wako, na anayelala na mgonjwa ndiye ajuaye mihemo ya mgonjwa. Nimeshapeleka maombi. Watakuja kukagua, kisha watabandika tangazo kwenye shina ili mwenye pingamizi aseme. Sijui nani atapinga. Tarumbeta huenda akawapikia chai wakataji.

Kuhusu mwandiko, nimecheka. Ulikuwa ukinigonga vidole herufi zangu zikilala upande. Zako sasa hazilali tu, zinakoroma.

Na siku ukiuchoka uwanja wote, chumba chako hapa kwangu kipo. Ghorofa ya nne, jani halifiki.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Mkaguzi amekuja. Bwana mmoja mwembamba, viatu vimeng'aa, anaogopa matope. Ameukumbatia mti kwa utepe wa kupimia mpaka nikaona haya kuangalia. Akaniuliza sababu. Nikamwambia majani. Akasema majani si sababu, mti bila majani ni nguzo. Basi nikamwonyesha ufa ambao mizizi imeupasua kwenye ukuta, akafurahi, akaandika.

Tangazo limebandikwa. Na hapa kuna kioja. Tarumbeta kapanda kigoda chake, kachungulia juu ya ukuta, kalisoma. Kalisoma tena. Mimi niko mlangoni nasubiri vigelegele. Kashuka. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nikasubiri mshindo, haukuja. Cherehani nayo sikuisikia kutwa nzima. Labda furaha imemlaza.

Ghorofa ya nne ahsante. Mimi si ndege.

Mama

29 Aprili

Kwa mmiliki wa kiwanja,

Yah: Pingamizi dhidi ya maombi yako ya kuondoa mti mmoja aina ya mkungu

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ukaguzi umethibitisha kuwa mizizi ya mti tajwa imepasua ukuta, na kwa upande wetu kibali kingeweza kutolewa. Hata hivyo, ofisi imepokea pingamizi kutoka kwa mmiliki wa kiwanja mnachopakana nacho, ambaye ni fundi cherehani. Kwa utaratibu, maombi yako yanasimama hadi pingamizi hilo liondolewe.

Alipotakiwa kuandika sababu, mpingaji aliandika: "Majani yale yananihusu." Alipokumbushwa kuwa ofisi hii inamfahamu kwa kuja kulalamika juu ya majani hayohayo kwa miaka mingi, alijibu kuwa hayo ni mambo mengine. Ofisi haikuelewa, na inakushauri uzungumze naye.

Afisa Miti na Bustani

6 Mei

Kwa jirani wa mama yangu,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu nililelewa, si kwa sababu inatoka moyoni.

Manispaa wameniandikia habari yako na mpaka sasa sijui nicheke au nilie. Wewe umepinga mkungu kukatwa. Wewe. Niliisoma barua yao nimesimama, nikaketi nikaisoma tena, nikampa mwenzangu wa kazini anisomee kwa sauti, nikidhani macho yangu yana hitilafu. Tangu nikiwa na sare ya shule uliyonishonea mwenyewe (na pindo ukalipinda kwa makusudi, mama anasema) nakusikia ukiulaani mti ule. Nimekua nikiona majani yakiruka juu ya ukuta kila Jumamosi.

Ninachoona ni kimoja, unataka kumkomoa. Mti ukiwepo wewe huutaki, ukitaka kuondoka wewe unaupenda. Mama si kijana tena. Mgongo unamuuma. Kama una ugomvi na mti, umeshinda, mti unaondoka. Ugomvi huu mwingine ni wa nini?

Na kuna la mwaka jana ambalo nililimeza. Mwezi wa kumi nilipiga simu ya mama, ukapokea wewe. Ukaniambia amekwenda sokoni, kasahau simu kwako. Mama hajawahi kukanyaga kwako. Sauti yako ilikuwa inatetemeka kama ya mtu aliyefumaniwa. Nikapiga kesho yake, bado unayo. Sikukuita mwizi, kwa sababu baadaye mama aliniambia ni kweli aliisahau. Leo sijui nikuite nani.

Ondoa pingamizi.

Mwenye kiwanja

14 Mei

Binti wa jirani,

Marahaba, ingawa umeniamkia kwa meno.

Mimi nashona, siandiki, kwa hiyo utanivumilia. Pindo lile lilipinda kwa sababu hukutulia nilipokupima. Tulimalize hilo kwanza.

Mwizi sijawahi kuwa. Ya simu siwezi kukueleza. Niliapishwa, na aliyeniapisha hajanifungua. Nimeuma ulimi tangu mwaka jana, na ulimi wangu unaujua ulivyo, si wa kuumwa.

Ila la kwangu mwenyewe naweza kulisema, halimo kwenye kiapo. Kila asubuhi kabla sijagusa cherehani nasikiliza. Mamako anafagia. Majani ya mkungu yakikokotwa yananguruma, unayasikia mpaka barabarani. Nikishayasikia natia uzi kwenye sindano naanza kazi. Nisipoyasikia mikono haifanyi kitu. Mti ukikatwa, unataka nisikilize nini?

Utaniuliza, mbona unamrudishia majani kwa beseni. Ndiyo, namrudishia, na yeye anatoka kunitukana. Mtu aliyekutukana vizuri Jumamosi ni mzima mpaka Jumapili.

Unasema mgongo. Haya, mgongo. Njoo, binti. Usimwambie kama unakuja. Fika asubuhi mapema, pitia kwangu, kigoda kipo palepale chini ya ukuta. Panda utazame kwa macho yako, maana macho sikuapa nayo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapo naishia kabla kiapo hakijanikaba koo.

Fundi cherehani,
huyo mnayemwita Tarumbeta. Najua mnaniita hivyo. Ukuta wenu mwembamba.

3 Juni

Mama,

Nimerudi kazini jana. Njia nzima nilikuwa na maneno, nilipofika kwako yakaisha, na wewe ukanifungia mlango wa chumba. Basi nayaandika, kama unavyopenda.

Nilisimama kwenye kigoda cha Tarumbeta. Ulitoka na mguu wa kulia unauburuta nyuma yako kama si wako. Mkono wa kulia umeutia kwenye mfuko wa aproni, umekaa humo kama kitu kilichohifadhiwa. Ufagio umeufunga kwenye mkono wa kushoto kwa kipande cha shuka, na fundo uliling'ata kwa meno kulikaza. Ukafagia kidogo, ukaegemea shina, ukafagia kidogo. Uso wako sikuutambua. Mama, nilikuwa nakuangalia nikisubiri mama yangu atoke ndani aje amsaidie yule mama.

Sikuweza kukuita. Nilishuka nikakaa chini kwenye vipande vya vitambaa. Tarumbeta akasema, umeona mwenyewe, kiapo kimekwisha. Akanisimulia. Kwamba asubuhi ile ya mwezi wa kumi alisubiri ufagio, jua likapanda juu ya ukuta, majani bado yametapakaa. Kwamba alikuita kwa makelele yake yote. Kwamba aliparamia ukuta, mtu mzima yule, utepe wa kupimia ukiwa shingoni, akakukuta sakafuni kati ya jiko na mlango, mdomo umekwenda upande, unataka kusema na husemi. Kiharusi, mama. Mimi nilikuwa naandika rangi za masanduku ya watu.

Simu yako ilikuwa kwake kwa sababu wewe ulikuwa wodini. Alitetemeka kwa sababu alikuwa ametoka kukuona. Na neno lako la kwanza ulimi uliporudi, lilikuwa kumwapisha asiniambie.

Nilimwandikia yule mwanamke nikikaribia kumwita mwizi. Alinipa chai nikashindwa kuinywa.

Sasa sikia. Mwisho wa mwezi ujao nakuja kukuchukua. Daktari yupo karibu na kwangu, lifti ipo, na usiku nitakuwepo. Nyumba tutaifunga. Habari za mti sitaki kuzisikia tena, ukatwe usikatwe. Siwezi kulala, mama. Nikifumba macho nakuona sakafuni.

Mwanao

12 Juni

Mwanangu,

Naandika kwa mkono wa kushoto, kama ulivyokwisha kujua. Barua zote ulizozicheka ziliandikwa na mkono huu. Nilijifunza mezani jikoni, kuanzia herufi ya kwanza, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Unauliza kwa nini nilikuficha. Nilimwona dada yangu mkubwa. Alianguka mara moja, wanawe wakaja na gari na mapenzi yao, wakampeleka ghorofani. Wema mtupu. Akakaa kitandani akiangalia pazia, kila akitaka kusimama anaambiwa atulie. Yule mwanamke aliyekuwa akipasua kuni mwenyewe alisahau hata njia ya kwenda chooni. Nikasema mimi hapana. Kuanguka nimeanguka, lakini nimeangukia jikoni kwangu.

Na unauliza mti. Nitakwambia ukweli, unikasirikie mara moja tuyamalize. Uwanja mchafu unasema. Kila aliyepita angeona majani yamelala siku mbili tatu, angejua kuna jambo, na habari zingekufikia. Ilibidi nifagie. Nikaona heri mti ukatwe, uwanja ukae safi wenyewe, siri ikae. Mkungu wa baba yako. Nilimwomba radhi usiku na asubuhi nikakuandikia. Kila siku kabla ya kutoka na ufagio nalia kidogo, kisha najipangusa natoka. Huo ndio mgongo wangu uliokuwa ukiuma.

Sikufikiria kwamba majani yanayonisaliti ndiyo yaliyoniokoa. Hilo nimelisoma kwenye barua yako nikaiweka chini.

Tarumbeta nimemchukia mwaka huu kuliko wakati wowote. Si kwa beseni. Ni kwa sababu aliniona pale chini, nguo imelowa, mate yananitoka. Mtu uliyegombana naye miaka yote hatakiwi kukuona hivyo. Nilidhani ananisikiliza ili apate la kusema. Kumbe alikuwa anasikiliza kama nipo. Nimeshtuka mpaka leo sijajua nimtazame vipi.

Lakini mti ukatwe, mwanangu. Sasa si kwa siri tena, ni kwa sababu mkono huu mmoja umechoka. Na kwako siji. Ukija na gari, njoo na watu wa kunibeba, maana kwa miguu yangu sitoki.

Mama

25 Juni

Binti wa jirani,

Samahani zako nilizipokea siku ileile kwenye kikombe cha chai ulichoshindwa kukinywa, usiniandikie tena nyingine.

Mamako amekuja kwangu. Kwa mlango, si kwa ukuta. Nilikuwa nakata kitambaa cha sare, mkasi ukanitoka mkononi. Miaka yote hii hajawahi kuvuka kizingiti changu. Kaketi kwenye kiti cha wateja, akashusha pumzi, akautoa ule mkono mfukoni akaulaza juu ya meza yangu, katikati ya chaki na pini. Akasema, "Utazame." Nikautazama. Akasema, "Huu na mwenzake mmoja ndiyo unayotaka ifagie mkungu mzima kila siku ya Mungu, ili wewe usikie?"

Nikaanza kuokota pini. Mimi, kuokota pini badala ya kujibu. Muulize yeyote mtaa huu.

Nilikuwa nasikia ufagio nikifurahi. Sikuwahi kujiuliza ufagio unamgharimu nini. Aliposema vile niliona haya mpaka masikioni. Kidole kimoja hakivunji chawa, nami nilikuwa nadai kivunje, na kipige kelele kikivunja. Kesho yake asubuhi nikaenda manispaa nikaondoa pingamizi. Yule bwana wa viatu akaniuliza sababu za kuondoa. Nikamwambia zilezile za kuweka.

Sasa na mimi nina ombi. Usimhamishe. Najua una haki, mama ni wako, na hofu yako naijua, hata mimi ninayo. Lakini nimemwona akitoka kwangu. Njia nzima aliegemea ukuta, akapumzika mara nyingi, na alipofika getini kwake akageuka akanitazama kuona kama nimemwona amefika peke yake. Nilikuwa nimemwona. Ukimtoa hapo utachukua mwili tu.

Mimi sina mtoto wa kuniandikia wala wa kunitia wasiwasi. Nina sauti ya mtu upande wa pili. Niachie, nitapata njia.

Tarumbeta

10 Julai

Kwa mmiliki wa kiwanja,

Yah: Kibali cha kuondoa mti mmoja aina ya mkungu

Baada ya pingamizi kuondolewa, kibali kimetolewa. Mti ukatwe na mafundi wanaotambuliwa na manispaa, shina ling'olewe, na mche mwingine mdogo upandwe mbali na ukuta.

Mpingaji wa awali ameomba aachiwe majani yote makavu yatakayopatikana siku ya ukataji. Alipoulizwa ni ya nini, alisema ni ya kazi. Ofisi hii imefanya kazi na miti muda mrefu na haijawahi kupokea ombi la namna hiyo, lakini haijaona kifungu cha kulikataa.

Afisa Miti na Bustani

22 Julai

Mama,

Kibali kimetoka. Gari sikukodi.

Nimeongea na daktari wa huko, atakuja mtu wa mazoezi nyumbani. Nami nitakuwa nakuja kila mwisho wa mwezi, na utanifungulia mlango. Hayo ndiyo masharti yangu, kila kibali kina masharti yake.

Usidhani nimetulia. Kila simu ikilia hapa dirishani naacha sanduku la mtu naikimbilia. Mti ule ndio uliopiga kelele kwa niaba yako, na sasa tunaukata, na mimi ndiye niliyetia saini. Nakuachia hapo kwa sababu umeomba, wala si kwa sababu naona ni sawa. Niambie tu, siku ukianguka tena, nani atajua?

Mwanao

9 Agosti

Mwanangu,

Salamu nakuletea kwa mkono wa kushoto, hatufichani tena. Wa kulia unachapwa mazoezi. Jana umeshika kijiko, ukakiangusha, ukakishika tena.

Mti umekatwa. Niliapa sitatazama, nikatazama mpaka mwisho. Tarumbeta alikuja na magunia akaokota majani makavu yote, hata yaliyokuwa juu ya paa la banda aliyakokoa, mafundi wanamwangalia na kucheka. Nilidhani anataka mbolea. Jikoni kumeingia mwanga ambao umenionyesha masizi niliyokuwa siyajui. Lakini kimya, mwanangu. Kimya hicho sikukitarajia. Asubuhi ya kwanza nilitoka na ufagio wangu nimeshaufunga mkononi, uwanja mweupe, nikasimama pale kama mgeni aliyekosea siku. Nikarudi ndani.

Tarumbeta alibisha hodi siku ileile. "Umeamkaje?" Nikamwambia nimeamka, na mimi si mgonjwa wa wodi nipitiwe kila asubuhi. Kesho yake akaja kuomba kiberiti. Fundi cherehani mwenye stovu ya umeme, kiberiti cha nini? Nikampa kiberiti na uso wa kumwambia asirudi. Sikupenda nilivyofanya, ila nikishaanza jeuri huwa sijui pa kuiachia. Hakurudi. Nami nikawa nalala na swali lako kichwani, nani atajua.

Sasa sikiliza. Jumatatu nimefungua mlango wa jikoni, nikakuta majani uani. Majani ya mkungu, makavu. Nilishtuka nikashika mlango kwa mkono mzima. Mti haupo, shina limeng'olewa, na majani yako chini kama kawaida. Nikasema basi, kile kitu kimerudi kichwani, naona visivyokuwepo. Nikainama polepole nikagusa moja. Likavunjika vidoleni.

Hapo hofu ikageuka hasira. Kumbe ni yuleyule. Hata mti wenyewe umekwisha na bado ananimwagia taka. Nikavuta pumzi nimpe matusi ya mwaka mzima, na pumzi ikaniishia njiani, maana nilikuwa nimeyatazama majani vizuri. Hayakuwa beseni. Yalikuwa machache, yamedondoshwa karibu na mlango, mahali pa tambarare pasipo na jiwe, kiasi ambacho mkono mmoja unayamudu. Na upande wa pili wa ukuta kulikuwa kimya. Cherehani haijaanza, na jua limeshachomoza.

Nimekaa kwenye kizingiti nikalia, nakwambia wazi, na si kile kilio cha ufagio.

Tangu siku hiyo ni kila asubuhi. Siku nyingine anachelewa, nasikia kigoda kikiburutwa, nangoja nyuma ya mlango mpaka ashuke. Yeye hasemi na mimi sisemi, na wewe ukimwandikia usimwambie kwamba najua. Magunia yakiisha sijui atatupa nini, vipande vya vitambaa labda. Mche wa manispaa nimeupanda pale walipopima. Nimeuchagua mwenyewe, wenye majani madogo, unaopukutika sana.

Ile Jumatatu nilijipangusa nikaufunga ufagio mkononi. Majani yale machache nimeyakokota uwanja mzima, kwenda na kurudi, yakanguruma mpaka yakawa vumbi. Nilipofika ukutani nikaugonga kwa mpini, nikamtukana kwa sauti yangu yote, kwamba hana adabu, mtu mzima ovyo, anatupa taka kwa watu. Nikaweka ufagio chini, na cherehani ikaanza.

Mama